Lulu ya Elizabeth Taylor: ilinunuliwa dola 37,000 ikauzwa karibu milioni 12, hiyo bei ilitoka wapi?

Kuna lulu moja inaitwa La Peregrina. Januari 1969 ilipigwa mnada New York na mwigizaji Richard Burton akaichukua kwa dola 37,000, zawadi ya Valentine kwa mkewe Elizabeth Taylor, staa wa filamu wa Hollywood. Desemba 13, 2011, jiji lilelile, lulu ileile, ikapigwa mnada tena kwenye nyumba ya minada ya Christie's na safari hii ikaondoka kwa dola 11,842,500. Gawanya mwenyewe, ni mara 320.

Ukimsimulia mtu hiki kisa jibu analo tayari mdomoni, "si kwa sababu ilikuwa ya Elizabeth Taylor?" Sawa, staa alikuwa staa kweli, sibishi. Ila mimi naona jibu hilo linafunika sehemu kubwa ya habari, na nataka tuichambue taratibu kwa sababu kisa hiki kina kitu ambacho huwezi kukipata kirahisi kwenye vito vya kale, kina kipimo ndani yake. Usiku uleule, kwenye mnada uleule, kiliuzwa kito kingine cha mama huyohuyo, kilinunuliwa na mume huyohuyo karibu kipindi kimoja na lulu, na hicho hakikupanda hata sehemu ya kumi ya lulu ilivyopanda. Kwa hiyo kama jina ndilo lililofanya kazi yote, mbona halikufanya kazi sawa kwa vyote viwili?

Tuanze na lulu yenyewe kwanza.

La Peregrina ni lulu ya asili, ya baharini, umbo la tone, nyeupe, imelingana pande zote vizuri sana, na hilo la kulingana ndilo gumu. Lulu ya asili haitengenezwi na mtu, chaza anaingiliwa na kitu mwilini anaanza kukizungushia tabaka juu ya tabaka miaka na miaka, inatoka vile itakavyotoka. Nyingi zinatoka ndogo, zimepinda, zina mabonde. Kupata yenye umbo safi tayari ni bahati, sasa kupata yenye umbo safi halafu ina uzito wa karibu karati 56, hiyo haitokei mara mbili katika maisha ya mzamiaji. Karati 56 ni kama gramu 11 hivi. Ilitoka visiwa vya lulu vya Panama karne ya 16, wakati Hispania inatawala huko, ikapelekwa kwa mfalme Philip II na ikaingia kwenye hazina ya ufalme.

Masimulizi yanasema aliyeitoa baharini alikuwa mtumwa wa Kiafrika na akapewa uhuru wake kama malipo. Hapa lazima nisimame kidogo. Kila mfalme aliyeishika lulu hii jina lake tunalo, kila malkia aliyeivaa tunamjua, huyu aliyezama akashika pumzi na kuitoa chini hana jina popote. Na si Panama peke yake, Ghuba ya Uajemi nako karne ya 19 watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki walizamishwa kutafuta lulu, na lulu hizo zikaenda Bombay, Paris na London. Tukizungumzia thamani ya vito vya kale tukumbuke kwamba karatasi zinazopandisha bei huwa zinaanza kuandikwa pale kito kinapofika mkononi mwa tajiri, kabla ya hapo hakuna anayeandika.

Haya, turudi. Kwa karibu miaka mia mbili na zaidi lulu ilikaa kwa wafalme wa Hispania na hapa ndipo inapata kitu ambacho pesa hainunui baadaye: inachorwa. Malkia Margarita, mke wa Philip III, yupo kwenye picha za rangi amevaa lulu hii kifuani, na mchoraji mkubwa Velázquez naye akamchora akiwa juu ya farasi, picha hiyo ipo jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Mtu wa leo anayefanya utafiti anaweza kuchukua lulu mkononi akaitazama na picha ya miaka 400 iliyopita. Kuna hadithi maarufu pia kwamba Philip II alimpa Malkia Mary wa Uingereza, ile picha yake amevaa lulu kubwa inaning'inia, lakini Mary alifariki 1558 na wataalamu wengi wanasema lulu yetu ilikuwa haijafika hata Hispania wakati huo, ile ya Mary ni lulu nyingine kabisa. Ona sasa, hadithi tamu imerudiwa miaka na miaka, imeandikwa kila mahali, na tarehe moja tu inaivunja. Usiisahau hii, itarudi.

Mwaka 1813 Joseph Bonaparte, kaka wa Napoleon aliyekuwa amewekwa kuwa mfalme wa Hispania, anakimbia nchi na lulu anaondoka nayo. Ikaishia kwa mpwa... kwa mtoto wa nduguye, yule aliyekuja kuwa Napoleon III, ambaye alipoishiwa hela uhamishoni akaiuza kwa familia ya Abercorn ya Uingereza. Na familia hii ilipata nayo shida kweli, maana lulu ilikuwa haijatobolewa, imeshikiliwa tu na kikofia cha chuma juu, na ni nzito, inachomoka. Iliwahi kudondoka ikapotelea kwenye sofa Windsor Castle, ikapotea tena kwenye dansi Buckingham Palace, mara zote ikapatikana. Mwishowe wakaamua kuitoboa na kuisafisha, mwanzoni mwa karne ya 20. Ikatoka karati 56 ikabaki karibu 51.

Karibu karati 5 zimekwenda! Kwa mtu aliyezoea kupima dhahabu kwa gramu hii ni hasara ya wazi. Na kweli kwenye lulu ya asili tundu ni tundu, lulu isiyotobolewa inapendwa zaidi. Lakini angalia, kitu kilichopungua uzito, kimetobolewa, kimesafishwa, ndicho kilichokuja kuuzwa bei ya juu kuliko lulu yoyote iliyowahi kupigwa mnada mpaka siku hiyo. Kwa hiyo uzito haujaamua. Uzito uliifanya istahili kutazamwa, basi.

Sasa 1969. Hapa ndipo penye moyo wa jambo, na ndipo watu wanaporuka haraka kwenda kwenye mapenzi ya Burton na Taylor.

Dola 37,000 wakati ule zilikuwa hela, usinielewe vibaya, nyumba nzuri Marekani ungepata na chenji ikabaki. Lakini kwa lulu iliyovaliwa na malkia wa Hispania, iliyochorwa na Velázquez? Hiyo ni bei ya chini mno. Na mshindani wa Burton kwenye mnada ule alikuwa Alfonso de Borbón, mtu wa familia ya kifalme ya Hispania yenyewe, inasemekana aliishia dola 20,000. Yaani waliotaka kuirudisha nyumbani waliona elfu ishirini inatosha.

Kwa nini ilikuwa chini hivyo? Naona sababu mbili, na hakuna hata moja iliyo ndani ya lulu.

Ya kwanza ni soko. Mwanzoni mwa karne ya 20 lulu ya asili ilikuwa juu ya almasi kwa bei, hapo hakuna utani. Mfano unaoujua kila mtu wa biashara hii ni jengo la Cartier, kampuni ya vito, Fifth Avenue, New York. Mwaka 1917 tajiri aitwaye Morton Plant aliwaachia Cartier nyumba yake ya kifahari kwa dola 100 na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili, mkufu uliokuwa na bei ya dola milioni moja. Mke wake aliupenda mkufu, nyumba ikaenda. Wakati huohuo Japani Mikimoto na wenzake walishajua jinsi ya kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kumwekea punje ndani, ndizo lulu za kufugwa, nusu lulu walianza tangu 1893, na lulu kamili za mviringo zikaingia madukani Ulaya miaka ya 1920. Kwa macho hutofautishi. Hata sonara mzoefu hatofautishi kwa macho, inabidi eksirei ionyeshe ndani kuna punje au tabaka tupu. Bei ikaanguka, mdororo wa uchumi wa 1929 ukamalizia, Bahrain na Kuwait wazamiaji wakakosa kazi na miji iliyoishi kwa lulu ikafa njaa mpaka mafuta yalipopatikana. Na ule mkufu wa Plant? Ulipouzwa mnadani 1957 ulileta zaidi kidogo ya dola laki moja na nusu. Toka milioni moja. Lulu hazikuharibika, hazikuibiwa, ni zilezile, ila dunia ilikuwa imeacha kuona tofauti kati yake na za kufugwa. Na jengo lile sasa hivi Cartier bado wamo, wewe fikiria tu lina thamani gani.

Kwa hiyo Burton alinunua lulu ya asili wakati lulu za asili ziko karibu na sakafu kabisa.

Sababu ya pili ni shaka. Kabla ya mnada ule upande wa Malkia Victoria Eugenia, mjane wa mfalme Alfonso XIII, aliyekuwa anaishi uhamishoni Uswisi, ulijitokeza hadharani ukasema La Peregrina ya kweli wanayo wao, mumewe alimpa. Fikiria wewe ndiye unayetaka kununua halafu malkia mzima anasema hiyo unayoinyooshea mkono siyo. Hata kama wataalamu wa mnada wana majibu yao, uzito, umbo, historia ya Abercorn, mkono unakuwa mzito. Hadi leo familia ya kifalme ya Hispania ina lulu kubwa ambayo malkia wake wameivaa na wapo wanaoiita kwa jina hilohilo. Mimi kwa ushahidi ulivyo nakubaliana na wale wanaosema ya Abercorn ndiyo yenyewe, uzito wake unalingana na kumbukumbu za zamani na mlolongo wake wa wamiliki unafuatika, ila siku ya mnada shaka haihitaji kuwa kweli ili ishushe bei. Inatosha iwepo chumbani.

Basi Taylor akaipata. Mwenyewe alisimulia kwamba siku za mwanzo, wakiwa hotelini Caesars Palace Las Vegas, aligusa kifua akakuta lulu haipo. Akavua viatu akawa anatembea peku juu ya zulia anatafuta kwa nyayo, hataki Burton ajue. Wakati huo vijibwa vyao vinakula, akaona kimoja kinatafuna kitu kama mfupa na hakuna aliyempa mfupa, akamfungua mdomo, lulu ndani. Haikukwaruzika. Wataalamu wa lulu wakisikia hii wanashika kichwa, maana lulu ni laini sana, si kama almasi, ni chokaa ileile ya gamba la konokono wa baharini, siki inaila, jasho linaila, manukato yanaififisha. Lulu ya miaka 400 kuwa bado inang'aa hilo peke yake ni jambo la kulipia.

Mwaka 1972 Cartier walimtengenezea kidani cha kuibeba, akishirikiana nao mwenyewe kwenye dizaini, wakachukua mfano kutoka picha ya kale ya Mary malkia wa Scotland: rubi, almasi, na nyuzi za lulu. Na hapa pana kitu kinachonifurahisha sana kwa anayetaka kujifunza. Zile lulu za kwenye nyuzi ni za kufugwa. Ndiyo, kwenye kidani kimoja zimekaa pamoja lulu ya asili iliyokuja kuvunja rekodi ya bei na lulu za aina ileile iliyoangusha bei yake, na Christie's walipoandika maelezo ya kuuzia waliandika wazi, lulu ya asili, almasi, rubi na lulu za kufugwa, kazi ya Cartier. Hakuna kilichofichwa. Ukitaka kujua mnada wa kuaminika unafananaje, soma wanavyoandika maelezo, kila jiwe linatajwa lilivyo.

Taylor akafariki Machi 2011, Desemba vito vyake vikapigwa mnada. Usiku wa kwanza peke yake vito vilileta karibu dola milioni 116. Lulu ilikadiriwa milioni 2 hadi 3, ikaenda 11.8.

Sasa tupime. Kito cha kulinganisha ni ile almasi yake ya karati 33.19, iliyokuwa ya Vera Krupp. Burton aliinunua 1968, mwaka mmoja tu kabla ya lulu, kwa dola 305,000. Usiku uleule wa 2011 ikauzwa 8,818,500. Hiyo ni kama mara 29.

Almasi mara 29, lulu mara 320. Mwanamke mmoja, mume mmoja, picha zote za magazeti amevaa, tena almasi ndiyo alikuwa anaivaa karibu kila siku, watu walimjua nayo kuliko lulu. Kama staa ndiye bei, almasi ingepaswa kuishinda lulu. Na kuna kipimo kingine cha kusaidia hapa, dhahabu. Mwanzoni mwa 1969 wakia moja ya dhahabu ilikuwa kama dola 42, Desemba 2011 ilikuwa inazunguka 1,650 hivi, yaani mara 40 takriban. Kwa hiyo almasi ya Elizabeth Taylor, pamoja na jina lote lile, haikuifikia hata dhahabu ya kawaida! Aliyenunua vipande vya dhahabu vya dola 305,000 mwaka ule akavifungia sandukuni angekuwa mbele. Lulu ndiyo iliyokimbia.

Tazama pia makadirio, kabla mtu yeyote hajanyanyua mkono. Wataalamu waliikadiria almasi milioni 2.5 hadi 3.5, ambayo ni mara 8 hadi 11 ya bei ya Burton. Lulu milioni 2 hadi 3, mara 54 hadi 81. Najua nyumba za minada hupenda kukadiria chini kidogo ili watu wasiogope, na bei ya mwisho inayotangazwa ina kamisheni ya mnada ndani yake, kwa hiyo usichukue namba hizi kama za kwenye mizani ya duka la dawa. Lakini pengo ni kubwa mno kulielezea kwa hilo. Wataalamu wenyewe, mezani, bila joto la mnada, walishaona lulu imepanda mara saba ya almasi. Halafu usiku ukafika na vyote viwili vikapita makadirio, almasi kama mara tatu, lulu mara nne na zaidi. Sehemu hiyo ya kupita makadirio ndiyo ninayompa Taylor, na hata yeye simpi yote.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Lulu haikupanda mara 320 kwa sababu ilikuwa na thamani ya ajabu 2011, ilipanda hivyo kwa sababu 1969 ilikuwa imepewa bei ya chini kuliko ilichostahili, na vitu viwili vilivyoishusha vikaondoka kimoja baada ya kingine. Lulu za asili zikarudi kutafutwa, tena na watu wa Ghuba wenyewe ambao babu zao walizipoteza, Bahrain mpaka leo sheria hairuhusu biashara ya lulu za kufugwa. Miaka minne kabla, 2007, lulu za Baroda za Maharaja wa India zilishauzwa dola milioni 7.1, njia ilikuwa imefunguka. Na ile shaka ya 1969 ikapoa, miaka 40 ya watafiti kulinganisha picha, uzito na kumbukumbu. Kidani cha Cartier kikaongeza chake. Taylor akaongeza chake. Ila almasi inatuonyesha chake kilikuwa na ukubwa gani.

Kuna atakayeniuliza kuhusu almasi nyingine ya usiku ule, ile inayoitwa Taj Mahal, ya umbo la moyo yenye maandishi ya Kiajemi, iliyokadiriwa laki tatu hadi tano ikauzwa 8,818,500, ndiyo, bei ileile kabisa ya almasi ya Krupp. Hii ilipita makadirio kwa mbali kuliko hizo mbili, karibu mara ishirini, na iliuzwa pamoja na simulizi kwamba Shah Jahan alimpa Mumtaz Mahal, yule aliyejengewa Taj Mahal. Baadaye mnunuzi akalalamika kwamba historia ile haikuthibitishwa alivyoelewa yeye, mauzo yakafutwa, na jambo likafika mahakamani New York. Linganisha na lulu. Hadithi ya Mary wa Uingereza ilikuwa tamu na ikaachwa, kwa sababu lulu ilikuwa na nyingine ya kweli inayoibeba bila hiyo. Taj Mahal sehemu kubwa ya bei ilikuwa imekaa juu ya hadithi yenyewe, na hadithi ilipotikisika bei nzima ikatikisika. Ukiwa unanunua kitu cha kale jiulize, nikitoa simulizi hili hapa kinabaki na nini? Ikibaki kidogo sana, unanunua maneno, na maneno yanahitaji karatasi.

Na karatasi zikiwa kamili inakuwaje? Novemba 2018, kwenye nyumba nyingine ya minada, Sotheby's Geneva, lulu ya asili ya kuning'inia iliyokuwa ya Marie Antoinette iliuzwa dola milioni 36, makadirio yalikuwa milioni 1 hadi 2. Rekodi ya Peregrina ikafutwa. Mwaka 1791 malkia alituma vito vyake nje ya Ufaransa kabla hajakamatwa, vikafika Vienna, binti yake aliyeokoka akavipata, akamwachia mpwa wake, vikakaa ndani ya ukoo mmoja, mwishowe Bourbon-Parma, zaidi ya miaka mia mbili bila kuuzwa hadharani hata mara moja. Hakuna pengo, hakuna sofa, hakuna malkia mwingine anayesema ya kweli ninayo mimi. Peregrina imepita mikono mingi na kila mkono ni swali, hii haina swali. Ndiyo maana mimi siamini kwamba umaarufu wa mmiliki na historia ya umiliki ni kitu kimoja. Umaarufu unavuta watu chumbani. Historia iliyothibitishwa ndiyo inawafanya wasiache kunyanyua mkono.

Sasa sisi wa pwani tunaosoma haya na hatuna lulu ya mfalme, kisa kinatusaidia wapi? Hapa nina uchungu kidogo maana naona vitu vinapotea.

Kuna nyumba nyingi Unguja, Lamu, Mombasa, Muscat pia, zina fedha za mabibi: vikuku vizito, vidani vya mtindo wa Oman vyenye riale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha za mtawala wa Austria, zimening'inia. Vikipelekwa kwa sonara vinawekwa kwenye mizani, vinapigiwa gramu, vinayeyushwa. Sonara hajakosea, yeye ananunua madini, ndiyo biashara yake na ndiyo bei yake. Aliyekosea ni anayedhani bei ya mizani ndiyo bei pekee iliyopo. Riale moja ya Maria Theresa ina gramu 28 na fedha yake ni sehemu 833 kwa elfu, kwa mizani hesabu ni rahisi. Lakini kwanza usidanganyike na mwaka. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia yule, na ziliendelea kupigwa na mwaka uleule kwa vizazi, Vienna, halafu Roma, London, Bombay na kwingine, hata karne ya 20. Mtu anayekuuzia kidani akakwambia "soma mwenyewe, kina miaka mia mbili na arobaini" hajakuthibitishia kitu. Umri unautafuta kwingine, kwenye kazi ya mkono, jinsi pete zilivyoungwa, jinsi kilivyolika pale kinaposuguana na nguo na shingo, kama pande zote mbili za riale zimelika sawa au upande wa ndani tu.

Pili, usikisugue king'ae. Ule weusi kwenye mabonde ya nakshi ni sehemu ya ushahidi na wanunuzi wa kweli wanautafuta, ukikitia dawa kikawa cheupe kama kipya umekifanyia kile walichofanya Abercorn kwa ile lulu, umepunguza kisichorudi.

Tatu, na hili ndilo ningeomba kila mwenye bibi hai alifanye wiki hii: mkalishe bibi, mletee kile kidani, muulize. Kilikuwa cha nani, kilikuja na arusi ya nani, sonara alikuwa wa mtaa gani, nani kwenye familia alikivaa. Rekodi kwenye simu kwa sauti yake. Halafu ingia kwenye albamu tafuta picha ya arusi ya zamani, hata nyeusi na nyeupe, yenye mtu amevaa kitu hichohicho, ipige picha nzuri, andika majina nyuma. Kama kuna risiti, barua, wasia uliotaja vito, weka pamoja. Madrid wana Velázquez, sisi tuna fundi wa studio aliyepiga picha za bi harusi, na kwa mnunuzi makini kazi ni moja, anataka kuona kitu hiki kwenye shingo ya mtu anayejulikana, mwaka unaojulikana.

Na kwa lulu, maana zipo kwenye vipini na hereni za zamani: usiikubali "asili" kwa macho, hata ukiambiwa uisugue kwenye jino. Ile ya kukwaruza jino inakutofautishia lulu na plastiki, basi, lulu ya kufugwa nayo inakwaruza vilevile. Ya kufugwa si feki, Fumba kule Unguja kina mama wamefuga chaza na kutoa nusu lulu nzuri tu, ni lulu halali yenye bei yake. Kinachotenganisha ya asili na ya kufugwa ni eksirei ya maabara ya vito, na kama kito ni kimoja na kidogo gharama ya kukipima inaweza ikazidi bei yake, hapo vaa tu. Kama ni kikubwa, chenye umbo safi, na bibi anasema kilitoka Bahrain na babu yake kabla ya vita vya kwanza, hapo usimkabidhi mtu yeyote kabla hujakipima.